Tarehe za Kijapani kwa sikio la Mswahili

Aliyewahi kuagiza gari kutoka Japani ameshaiona ile karatasi ya mnada: visanduku vingi, maandishi ambayo kwetu ni kama mikwaruzo ya kuku, na katikati yake tarakimu chache ambazo macho huzikimbilia kwa kuwa ndizo pekee tunazozitambua. H30. R1. 6月. Wengi wetu humwachia wakala atuambie gari ni la mwaka gani, kisha tukatuma pesa na kungoja meli. Na mwaka huo si jambo la kupuuza. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, gari lililosajiliwa 2018 lilikubaliwa, la 2017 likakataliwa. Ni tofauti ya tarakimu moja kwenye karatasi, na akiba ya mtu ya miaka mingi inakwama Kilindini.

Lakini tarehe za Kijapani si shida ya wanunuzi wa magari peke yao. Wapo vijana wetu wanaoomba nafasi za masomo kule. Wapo waliofanya kazi na Wajapani Kipevu, ambako awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani kupitia JICA, ilifunguliwa 2016. Na kabla ya hayo yote, bibi zetu walijifunga leso zilizochapwa Japani na kuuzwa hapa hapa Biashara Street. Ujirani huu si wa jana.

Watu husema Kijapani ni kigumu, na tarehe zake ni ngumu zaidi. Kwa Mwingereza, sawa. Kwa mtoto wa Mji wa Kale aliyepita chuoni, mimi naona mambo mengi ameshayabeba nyumbani kwao bila kujua.

Siku kumi za mwanzo

Ukitaka kuuliza leo ni tarehe ngapi, utasema: *Kyoo wa nannichi desu ka?* Ungetarajia jibu liwe hesabu ya kawaida, yaani ichi, ni, san, shi, go, na kuendelea. Sivyo. Siku kumi za mwanzo wa mwezi zina majina yake: tsuitachi ni tarehe mosi, futsuka ni tarehe pili, kisha mikka, yokka, itsuka, muika, nanoka, yooka, kokonoka, na tooka ni tarehe kumi. Nimeandika kwa tahajia yetu, soma kama unavyosoma Kiswahili. Hiyo tsu isikutishe, ni ile ile ya Tsunza na Tsimba kule Kwale.

Kwa nini majina mawili ya namba moja? Hapa ndipo Mswahili hana haja ya kushangaa. Wajapani walikuwa na hesabu yao ya asili, kisha wakapokea hesabu ya Kichina pamoja na maandishi, na ile ya Kichina ikatawala karibu kila kitu. Ya asili ikabaki pale ambapo mazoea yaliishika: katika kuhesabu vitu vidogo vidogo na katika siku za mwanzo wa mwezi. Sisi je? Sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu, pamoja na ishirini, thelathini, mia na elfu. Tulikuwa na tandatu, tulikuwa na fungate, tulikuwa na kenda. Zimekwenda wapi? Fungate imebaki katika zile siku saba za bwana na bibi harusi. Kenda imebaki kwa jirani zetu Wamijikenda. Na kwenye tarehe tunasema tarehe mosi na tarehe pili, wala hakuna mzee wa Kibokoni atakayekubali umwambie «tarehe moja». Mjapani anayesema tsuitachi badala ya ichinichi anafanya jambo hilo hilo.

Tena hiyo tsuitachi yenyewe. Asili yake ni *tsuki tachi*, maana yake mwezi kuanza, mwezi kuchomoza. Ni kuandama kwa mwezi! Zamani Wajapani nao waliifuata miezi ya mwandamo, ingawa waliongeza mwezi wa kumi na tatu kila baada ya muda ili misimu isihame, jambo ambalo hesabu yetu ya Hijria haifanyi. Waliiacha kalenda hiyo mwaka 1872, na tarehe 1 Januari 1873 wakaingia katika kalenda ya miladia. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ulikuwa na siku mbili tu, kwa kuwa siku ya tatu iligeuzwa kuwa mwaka mpya. Kalenda ikabadilika, neno la kuandama likabaki.

Shada na madda

Kosa linalowaumiza wanafunzi wengi wa Kijapani ni tarehe nne na tarehe nane. Yokka ni nne. Yooka ni nane. Mgeni asiyezoea husikia neno moja, na mkutano wa tarehe nne unakuwa wa tarehe nane.

Sasa mkumbuke maalimu wako wa chuoni na bakora yake. Yokka ina shada juu ya kaf: sauti inasimama, inabanwa, kisha inaachiwa, kama unavyosema Makka kwa Kiarabu sahihi. Yooka haina shada, ina madda: o inavutwa harakati mbili, k inapita nyepesi. Mikka ya tarehe tatu ina shada vilevile, na tooka ya tarehe kumi ina madda. Mtu aliyefundishwa kwamba kuacha shada kunaweza kubadili maana ya neno hahitaji kuelezwa mara ya pili. Ameshachapwa kwa hilo.

Iko pia njia ya kuzikumbuka namba hizi kwa jozi. Katika hesabu ya asili ya Kijapani, namba na maradufu yake huanza na konsonanti moja, inabadilika irabu tu. Tatu ni mi, sita ni mu: mikka, muika. Nne ni yo, nane ni ya. Wewe utasema mbona tarehe nane si yaka? Ilianza na ya, ulimi wa karne nyingi ukaigeuza yooka. Ndiyo maana ikaja kugongana na yokka.

Jambo jingine la kuangalia: kuanzia futsuka hadi tooka, neno hilo hilo lina maana ya tarehe na maana ya idadi ya siku. Futsuka ni tarehe pili, na pia ni siku mbili. Muuzaji akikuandikia ulipe *futsuka inai* anakupa siku mbili. Akiandika *futsuka made ni* anataka pesa zifike kufikia tarehe pili. Ni tsuitachi pekee isiyoingia katika mchanganyiko huu, kwa sababu muda wa siku moja huitwa ichinichi.

Kumi na moja na kuendelea

Ukivuka tarehe kumi njia inanyooka. Kumi ni juu (tamka kama juu ya meza), siku ni nichi, basi tarehe kumi na moja ni juuichi-nichi, kumi na mbili juuni-nichi, kumi na tatu juusan-nichi. Wakaidi ni watatu tu: tarehe 14 ni juuyokka, tarehe 24 ni nijuuyokka, na tarehe 20 ina jina lake la kale, hatsuka. Mwezi unaishia sanjuu-nichi au sanjuuichi-nichi. Angalia na 17, juushichi-nichi, ambayo kwenye simu yenye mawimbi mabovu husikika kama 11. Wajapani wenyewe hulijua tatizo hili, wengine husema juunana-nichi ili kuondoa shaka. Ukiona umechanganyikiwa, nawe uliza hivyo.

Miezi haina taabu, kwani Wajapani wanaihesabu kama tunavyosema sisi mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Ichigatsu, nigatsu, sangatsu, mpaka juunigatsu. Mitatu tu ishike kwa moyo: wa nne ni shigatsu, wa saba ni shichigatsu, wa tisa ni kugatsu. Siku za juma zimepewa majina ya jua, mwezi, moto, maji, mti, dhahabu na udongo, kuanzia Jumapili: nichiyoobi, getsuyoobi, kayoobi, suiyoobi, mokuyoobi, kinyoobi, doyoobi. Ijumaa yetu imeangukia dhahabu, nami sina pingamizi.

Mwaka huanza, siku humaliza

Tarehe huandikwa kuanzia kikubwa kwenda kidogo: mwaka, mwezi, siku. Alama za kukariri ni tatu tu, nazo zitakufaa maisha yote: 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku. Ukiona 04/08 kwenye karatasi ya Kijapani ni tarehe nane mwezi wa nne, wala si tarehe nne mwezi wa nane kama tunavyoandika Kenya. Hapa pana hatari kuliko hata yokka na yooka, kwa sababu macho hayakupi onyo lolote.

Halafu kuna enzi. Mbali na mwaka wa miladia, Wajapani huhesabu miaka tangu mfalme alipotawazwa, na kila enzi ina jina. Showa ilianza Desemba 1926 na kuisha Januari 1989. Heisei ilianza tarehe 8 Januari 1989 ikaisha tarehe 30 Aprili 2019, mfalme Akihito alipojiuzulu. Siku iliyofuata, tarehe 1 Mei 2019, ilianza Reiwa, enzi ya Naruhito, ambayo ndiyo ya sasa. Kwenye karatasi za magari utaziona kama S, H na R.

Hesabu yake ni ya kujumlisha. Kwa Showa ongeza 1925, kwa Heisei ongeza 1988, kwa Reiwa ongeza 2018. H30 ni 2018. H29 ni 2017. R2 ni 2020. Mwaka 2019 ndio unaowababaisha wengi kwa kuwa una majina mawili: Januari hadi Aprili ni H31, Mei hadi Desemba ni R1. Mwaka wa kwanza wa enzi hauitwi ichinen katika maandishi rasmi, huitwa gannen, mwaka wa asili, na unaweza kuukuta umeandikwa 元年 bila tarakimu yoyote. Pia baadhi ya karatasi za mnada huacha herufi, zikaandika 30年 peke yake. Hiyo si gari la miaka thelathini. Uliza enzi kabla ya kutuma hata shilingi.

Sisi ambao kwenye kadi ya harusi moja tunaandika mwezi wa Mfunguo Sita, mwaka wa Hijria na tarehe ya miladia, kalenda mbili hazitushindi. Nasikitika tu kwamba vijana wengi siku hizi hawajui Mfunguo Mosi ni Shawwal, na watajifunza Reiwa kabla ya hiyo.

Saa yetu ni saa yao

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa ndilo linalonifurahisha zaidi. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, mwaka mzima, kwani kule hawasogezi saa kwa misimu. Nasi tunahesabu saa kwa Kiswahili kwa tofauti ya saa sita na ile ya Kizungu. Sasa linganisha. Hapa ni saa moja asubuhi. Tokyo ni saa yao ya kwanza ya mchana, *ichiji*. Hapa ni saa nne asubuhi. Kule ni *yoji*, ya nne. Namba inayotoka mdomoni mwa Mswahili ndiyo namba iliyo kwenye saa ya ukutani Osaka.

Na si saa tu. Kwa hesabu yetu ya asili siku huingia magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni ya Mombasa ni usiku wa manane kamili Japani, tarehe yao inageuka. Muda mfupi baadaye adhana ya magharibi inasikika Mandhry. Mzee anayesema «leo usiku wa Jumatatu» wakati kalenda ya simu yake ingali inaonyesha Jumapili yuko siku moja na Mjapani. Kwa hiyo ukiambiwa mahojiano ya masomo ni Jumatatu *sanji*, yaani saa tatu ya usiku wa manane kwao, ujue ni usiku wetu wa Jumatatu, saa tatu, baada ya isha. Ukifuata kalenda ya simu, hiyo ni Jumapili. Ukingoja Jumatatu usiku ya kwenye simu, umechelewa siku nzima.

Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wasiitumie hesabu hii. Wao wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo Japani inawazidi kwa saa tano tu, na namba hazilingani tena.