Betri Moja, Midomo Tofauti: Historia Fupi ya Mashine Zisizo na Waya

Kijana anayefungua atelye ya mbao Mbau, pale njia ya Kamango inapoachana na ile ya Oicha, anakutana mapema na swali moja: betri ya mashine hii itaingia katika ile? Mara nyingi jibu ni hapana. Juu ya nini? Tuangalie historia.

Mwaka 1961 Black & Decker ya Marekani ilitoa mashine ya kutoboa isiyo na waya. Betri yake ilikuwa ya nikeli na kadimi, nzito. Mwaka 1991 Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za lithiamu, na mwaka 2005 Milwaukee na Makita wakaziingiza katika vyombo vya ufundi.

Ndani ya betri ya volti 18 mna seli tano zinazofuatana, kila moja volti 3.6. Zikijaa, kila moja inafika volti 4 na kidogo. Ndiyo maana DeWalt inaandika 20 kule Marekani na 18 kule Ulaya, na nguvu ni ile ile. Usiongeze franga juu ya namba hiyo.

Sasa angalia vyuma vya mdomoni. Viwili vinabeba moto: plasi na minasi. Vyembamba vinapeleka habari, kama joto la seli. Kampuni zingine zinaweka ulinzi ndani ya betri, zingine ndani ya mashine. Fundi akiunga waya mbili tu ili betri ya huku iingie kule, mashine itazunguka vizuri, lakini huenda hakuna tena anayelinda. Lithiamu ikizidi joto inawaka, na atelye imejaa maranda.

Tofauti hizo zina faida kwa muuzaji: ukishanunua betri na chaja kwake, mashine ya pili pia utainunua kwake. Mwaka 2018 Metabo ya Ujerumani ilianzisha CAS, kampuni kadhaa zikatumia betri moja. Basi inawezekana.

Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri nyingi za dunia. Inatoka kwetu kama udongo, inarudi na mdomo wa kampuni. Wakati tunangoja viwanda vyetu, vijana wa atelye moja wapatane kwanza: betri ya aina moja, chaja moja, halafu mashine. Kule kwenu mafundi wanapatana namna gani?