Njia Inaposhindwa: Istilahi ya Kupimia Antena Nyingi

Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kuwa kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha biti inazoweza kupitisha kwa sekunde pasipo kuharibika. Kikomo hicho tunakiita uwezo wa njia, na hakina ugomvi. Tabu inaanza njia inapokuwa hewa. Mawimbi ya simu hugonga kuta, mabati na magari, yakamfikia mpokeaji kwa mapito mengi. Mara yakutane yaongezeane nguvu, mara yafutane. Mtu akisogea sentimita chache tu, uwezo umeshabadilika. Basi tukisema mfumo wa antena nyingi una uwezo mkubwa, ni uwezo upi?

Jibu la haraka ni wastani. Katikati ya miaka ya 1990, Emre Telatar na Gerard Foschini wa Bell Labs walionyesha kwamba penye mapito mengi yasiyofanana, wastani huo hukua sambamba na idadi ya antena za upande ulio na chache. Antena 4 kwa 4 hukaribia kubeba mara 4 ya moja kwa moja, kwa nguvu ileile ya kurushia na upana uleule wa masafa. Ukibaki na antena moja kwa moja ukaongeza nguvu maradufu, huku ishara ikiwa nzuri tayari, utapata biti moja hivi ya ziada kwa sekunde kwa kila hezi. Ni haba mno.

Ila aliye katikati ya mazungumzo hapati wastani; anapata njia aliyonayo dakika hiyo. Ndipo wahandisi huuliza: nikirusha kwa kasi hii, ni mara ngapi njia itakuwa haiiwezi? Kwa Kiingereza hali hiyo hupewa neno lilelile la umeme unapozimika, na wapo wanaoitafsiri kuwa kukatika. Sikubaliani nao. Ukisikia mtandao umekatika unaelewa mawimbi hayapo. Hapa yapo, ni kasi iliyochaguliwa tu imepita uwezo wa wakati huo, na ukiipunguza njia hiyohiyo itabeba. Kuzidiwa lingefaa, lakini limeshachukuliwa na msongamano wa watumiaji. Napendekeza kushindwa: uwezekano wa njia kushindwa. Na kasi ambayo njia hushindwa kuibeba kwa asilimia 1 tu ya nyakati, au 10, iitwe uwezo wa uhakika, asilimia ikitajwa kila mara. Bila hiyo asilimia, namba haina maana.

Tofauti ya vipimo hivi viwili inaonekana wazi katika mbinu aliyochapisha Siavash Alamouti mwaka 1998. Mnara una antena mbili, simu ina moja. Alama mbili hurushwa kwa zamu mbili, antena zikibadilishana katika zamu ya pili, hivyo kasi haiongezeki hata kidogo. Anayepima wastani ataona faida ndogo. Anayepima kushindwa ataona jingine: kwa antena moja, nguvu ikiongezwa mara 10 kushindwa hupungua takribani mara 10, kwa mbili zinazofifia kila moja kivyake, hupungua takribani mara 100.

Hilo la “kila moja kivyake” tathmini nyingi hulichukulia kuwa limeshatimia. Kwenye gigahezi 2.4 wimbi lina urefu wa sentimita 12.5. Simu iliyozungukwa na mapito pande zote hutosheka antena zikiachana nusu ya urefu huo. Mnarani, ambako mawimbi hufika kutoka pembe nyembamba, huhitajika nafasi ya mawimbi kadhaa. Zikibanana hufifia pamoja, na ile mara 100 haionekani.

Mwaka 2003 Lizhong Zheng na David Tse walichora mpaka kati ya kasi na uhakika. Antena 2 kwa 2 zikitumika zote kwa uhakika, kila nguvu ikiongezwa mara 10 kushindwa hupungua takribani mara 10,000. Kasi ikiachwa ikue hadi mwisho wake, faida hiyo hushuka hadi sifuri. Matangazo ya modemu hutaja ncha hii ya pili peke yake.