Jeraha la moyo mbele ya waamuzi: kesi ya Dominic Ongwen

Mtu aliyeumizwa moyoni akiwa mtoto, kisha akaumiza wengine, ahukumiwe namna gani? Kwetu mashariki ya Kongo, ambako watoto wengi wameingizwa kwa nguvu katika makundi yenye silaha, swali hili si geni. Tuangalie kesi ya Dominic Ongwen wa kundi la LRA, lile lililoua watu wetu wa Haut-Uélé katika Desemba 2008.

Ongwen alitekwa kaskazini ya Uganda mwaka wa 1987, akiwa mtoto wa miaka 9 hivi, akielekea shuleni. Alikulia porini hadi akawa kamanda. Tarehe 4 Februari 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) ilimkuta na hatia ya makosa 61 yaliyotendeka Uganda. Kati yake lilikuwamo kosa la kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15: jambo lile lile alilotendewa yeye.

Sheria ina milango miwili. Wa kwanza ni wa hatia. Ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu uwezo wa kutambua ubaya wa tendo lake, au wa kujizuia, humfutia hatia. Mawakili wake waligonga mlango huu, lakini waamuzi hawakuona kwamba alikuwa na ugonjwa huo alipotenda makosa.

Mlango wa pili ni wa adhabu. Hapa hatia inabaki, ila uzito wa adhabu unaweza kupunguzwa. Hata hapa, waamuzi hawakukubali kwamba akili yake ilikuwa imepungua. Walichozingatia ni kutekwa kwake na mateso ya utoto wake porini. Wawakilishi wa waathirika waliomba kifungo cha maisha. Tarehe 6 Mei 2021 alipewa miaka 25. Mwamuzi mmoja alitaka 30. Rufaa ilithibitisha adhabu hiyo tarehe 15 Desemba 2022.

Sheria ya Kongo pia inawaruhusu waamuzi kupunguza adhabu kwa sababu kama hizi. Basi sisi wachungaji, tunapomtembelea kijana gerezani, tumsaidie kumweleza wakili wake mapema yaliyompata. Tusimwambie kwamba jeraha lake linafuta kosa. Na tukitoka gerezani, tupite pia kwa familia aliyoiumiza, kwa maana nayo ina jeraha.