Hujafukuzwa, nafasi yako imejazwa

Nilipoanza kuandika habari za mahakamani, mhariri wangu alikuwa na swali moja kila jioni: nani kashinda? Ukimjibu kwa neno moja, kichwa cha habari kimepatikana, unakwenda zako nyumbani. Nami nilimjibu hivyo kwa muda mrefu, mpaka siku niliposoma hukumu ya Marekani ya mwaka 1938 katika kesi ya kampuni ya Mackay Radio. Tangu hapo neno moja halinitoshi.

Tuanze nyuma kidogo. Julai 1935, Marekani ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyopiganiwa na Seneta Robert Wagner wa New York. Iliwahakikishia wafanyakazi wengi wa makampuni binafsi haki ya kuunda vyama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja na kugoma. Ikataja pia vitendo vilivyo haramu kwa mwajiri: kutisha wanachama, kuanzisha chama kibaraka, kumbagua mtu kwa ajili ya chama, kukataa kukaa mezani. Bodi maalumu ikaundwa kusikiliza malalamiko.

Waajiri wengi waliidharau, wakiamini Mahakama ya Juu itaifuta. Haikuifuta. Aprili 12, 1937, katika kesi ya kampuni ya chuma ya Jones & Laughlin, iliyofukuza wanachama wa chama huko Aliquippa, Pennsylvania, majaji 5 dhidi ya 4 walisema sheria ni halali.

Sasa njoo kwa Mackay. Usiku wa Oktoba 4, 1935, wafanyakazi wa telegrafu wa ofisi ya San Francisco waligoma pamoja na wenzao, baada ya mazungumzo ya mkataba kukwama. Kampuni ikaleta watu kutoka ofisi zake za Los Angeles, Chicago na New York. Siku chache tu, mgomo ukalegea na wagomaji wakataka kurudi. Wakaambiwa rudini, isipokuwa 11 kati yenu, maana wageni 11 wameahidiwa kubaki wakipenda. Mwishowe wageni 5 tu ndio waliotaka kubaki. Na wagomaji waliokosa nafasi walikuwa 5, wote wa mstari wa mbele katika chama. Sadfa hiyo, jamani!

Mei 1938 Mahakama ya Juu ilisema huo ni ubaguzi, ikakubali amri ya Bodi kwamba watano hao warudishwe. Nani kashinda? Chama, bila shaka.

Lakini ndani ya hukumu hiyo hiyo Jaji Owen Roberts aliandika jambo jingine. Mwajiri ambaye hajavunja sheria, alisema, ana haki ya kuendesha biashara yake kwa kujaza nafasi za wagomaji, na mgomo ukiisha halazimiki kuwaondoa wapya ili kuwapisha wa zamani. Kesi ingeweza kuamuliwa bila maneno hayo. Hata hivyo ndiyo yaliyoota mizizi.

Hebu yapime. Kumfukuza mtu kwa sababu amegoma ni kosa. Kumpa mtu mwingine nafasi yake moja kwa moja si kosa. Waliogoma kupinga vitendo haramu vya mwajiri wana kinga, lakini waliogoma kudai mshahara hawana. Mwaka 1968 Bodi ilisema hawa nao waitwe nafasi ikipatikana. Sawa, lakini kusubiri hakulipi kodi ya nyumba.

Kanuni hiyo ilitamba zaidi baada ya Agosti 1981, Rais Ronald Reagan alipowafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000. Wale walikuwa watumishi wa serikali, waliokatazwa kugoma na sheria tofauti, ila makampuni yalipata somo. Mwaka 1983 kampuni ya shaba ya Phelps Dodge ilijaza nafasi za wagomaji Arizona, na mwaka uliofuata wafanyakazi wapya wakapiga kura kuviondoa vyama. Migomo ya watu 1,000 au zaidi nchini Marekani ilikuwa 235 mwaka 1979. Mwaka 2009 ilikuwa 5. Sababu ni nyingi, viwanda kuhama ikiwemo, lakini nani atagoma akijua hana pa kurudi? Baraza la Wawakilishi lilipitisha miswada ya kuzuia jambo hili mwaka 1991 na 1993. Yote ilikwama Seneti.

Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilichukua njia nyingine: inakataza kutumia watu wa kuziba nafasi katika mgomo halali. Tatizo ni hilo neno halali. Lazima kwanza usuluhishi ushindikane, kura ipigwe, notisi ya saa 48 itolewe. Ukikosea hatua moja, kinga inaweza kukuponyoka.

Ndiyo maana siku hizi mhariri akiniuliza nani kashinda, namwomba dakika chache nimalize kurasa zilizobaki. Hanipendi sana kwa hilo. Lakini wafanyakazi wa Mackay walishinda kesi yao, na wagomaji wa Arizona ndio waliolipa miaka 45 baadaye.