Waliokwenda Kuwauliza Babu Zao

Wiki hii naomba tukae kidogo na wazee. Sisemi wazee wa mikutano na viti vya mbele. Nasema babu na bibi wa nyumbani, wale ambao hapa mjini huwapa chumba cha nyuma, tukawawashia televisheni, kisha tukajisifu kwamba tumewatunza.

Kwa makabila mengi ya nchi yetu, mtoto humwogopa baba yake lakini babu ni mtani wake. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", naye babu huona wivu wa uongo na kutishia kudai mahari yake. Ukitazama juu juu utasema ni mzaha mtupu. Lakini mzaha ule ulikuwa na kazi. Lile ambalo kijana hakuthubutu kumuuliza baba alimuuliza babu, na babu, kwa kuwa anaongea na mtani, alisimulia hata yale ya aibu: namna walivyoshindwa, walivyokimbilia porini, walivyokula mizizi.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililofanyika mwaka 1968. Mwaka huo wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, pale Dar es Salaam, walitumwa vijijini wakaulize habari za Vita vya Maji Maji. Miongoni mwa waliousimamia utafiti ule walikuwa John Iliffe na G.C.K. Gwassa. Piga hesabu nami, msomaji. Vita vilianza Julai 1905. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule alikuwa na miaka 73 wanafunzi walipofika. Wangechelewa miaka ishirini tu, wangekuta makaburi.

Hadi hapo, habari nyingi za vita vile zilitoka katika mafaili ya Wajerumani, na faili husema anayotaka mwenye faili. Humo mlijaa habari za uchawi na washenzi waliodanganywa na mganga. Wazee walipoulizwa walianza kwingine kabisa. Walianza na pamba. Walieleza habari za shamba la pamba la jumbe ambalo kila mtu alilazimishwa kulilima huku shamba lake mwenyewe likiota majani, habari za kiboko, na ujira ambao wengine waliukataa kwa jinsi ulivyokuwa mdogo. Walitaja hata neno la Kimatumbi, njwiywila, yaani habari ya siri iliyopita kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ana dawa ya kuwaunganisha watu. Walisimulia jinsi watu wa Nandete walivyochoka kungoja wakang'oa miche michache ya pamba shambani. Miche tu, si kichwa cha mtu. Lakini ilitosha kuwa tangazo la vita. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita ndiyo kwanza vinashika moto.

Na njaa. Wajerumani walichoma vyakula maghalani na mashambani ili watu wasalimu amri. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa baadaye alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi katika hao hawakuuawa kwa risasi.

Mwandishi Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma shuleni. Ni jambo jema. Lakini naona kichekesho kidogo hapa: mtoto anakariri Kinjeketile kwa ajili ya mtihani, naye bibi aliyelelewa na mtu aliyeponea njaa ile yuko chumba cha pili na hajaulizwa kitu.

Kule Songea hali ni tofauti kidogo. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa viongozi wa Wangoni, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa mwaka huo huo, na ukoo wake umeshikilia, kutoka babu hadi mjukuu, kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Walishikilia neno hilo bila faili wala risiti. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakaa na wajukuu hao, akaomba msamaha, na akaahidi juhudi za kukitafuta kichwa cha babu yao. Zaidi ya miaka mia moja simulizi ilitunzwa barazani, hata mkuu wa nchi akaja kuisikiliza.

Mimi sina haki ya kumcheka mtu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na desturi moja: hakukubali punje ya mtama ibaki chini. Aliinama na mgongo wake ule mbovu, akaokota moja moja, akizitia katika pindo la khanga. Sisi watoto wa mjini tulicheka. Alisema tu, "Ungekuwepo, mume wangu, usingecheka." Nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani, sikumuuliza ningekuwepo wapi.