Waya Wao, Filamu Zao

Mdau, ile raha ya kubonyeza tu na muvi inaanza haikuletwa na Netflix. Desemba 1994, mjini Orlando, Marekani, Time Warner walizindua huduma ya kebo ambapo mtu anachagua filamu kwa rimoti, anaisimamisha, anairudisha nyuma. Noma sana kwa miaka ile! Ila zilifikiwa nyumba kama 4,000 tu, na ving'amuzi vilikuwa ghali balaa. 1997 wakafunga. Waya wao, king'amuzi chao, filamu wanazochagua wao. Wa nje hapiti.

Intaneti ndo ikafungua mlango. Netflix hakuwa na waya unaoingia kwa mteja, akapita kwenye waya za watu. Hapo ndo patamu. Comcast, wenye waya, walimwekea mteja kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Machi 2012 wakaleta filamu zao kwenye Xbox, wakasema hizo hazihesabiwi. Fungua Netflix kwenye Xbox ileile, sebule ileile, bando linakatwa! Bosi wa Netflix akalalamika Facebook. Comcast wakajitetea: zetu zinapita mtandao wetu wa ndani, si intaneti ya wote. Haya, lakini waya unaoingia ndani si uleule?

Mei wakasitisha kikomo hicho. Ila Februari 2014, baada ya video kukwama-kwama kwa miezi, Netflix wakakubali kuwalipa Comcast ili waunganishwe moja kwa moja. Kasi ikapanda fasta. Ungekuwa wewe, ungelipa?