Sotoka, mbung'o na kitabu kilichoisoma upya ardhi yetu

Ukitoka Maswa kwenda Bariadi unapita mbuga pana, mashamba ya pamba na miti ya kuhesabika. Ukiendelea mashariki unafika Pori la Akiba la Maswa, na baada yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ni rahisi kudhani kwamba huku binadamu ameharibu, na kule Mungu ameacha kila kitu kama alivyokiumba. Kitabu kimoja kilichotoka mwaka 1977 kinaonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro pande zote mbili.

Mwandishi wake ni Helge Kjekshus, msomi wa Norwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake, Ecology Control and Economic Development in East African History, kinaisimulia Tanganyika kuanzia mwaka 1850 hadi 1950, lakini mhusika mkuu si gavana wala mmisionari. Ni ardhi yenyewe, pamoja na ng'ombe, mbung'o, funza, chuma, chumvi, na watu walioishi na vitu hivyo.

Aliwasoma wasafiri wa Kizungu kama Speke na Stanley kwa jicho jingine. Stanley alipita Usukuma mwaka 1875 na kuuandika mto Simiyu kuwa chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini. Kjekshus hakushughulishwa na sifa ambazo wasafiri hao walijipa. Katika maandishi yao alitafuta mashamba yalivyokuwa, mifugo ilivyolishwa, majembe yalivyofuliwa na pamba ilivyofumwa. Alichokiona ni watu waliokuwa wameyamudu mazingira yao. Kwa kulima, kuchunga na kuchoma vichaka kwa wakati wake, walimweka mbung'o, mdudu anayeeneza malale, mbali na makazi na mazizi.

Halafu ikaja sotoka, ugonjwa wa kuambukiza unaoua ng'ombe. Iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kufika Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hesabu zinazotajwa mara nyingi ni kwamba ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, ambayo sehemu ya pwani yake leo iko Busega, na akaandika juu ya Wamaasai waliokondeana kwa njaa baada ya mifugo yao kuteketea. Ndui ikafuata. Funza, mdudu aliyevuka bahari kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872, akafika nchini na kuwalemaza watu wasiweze kulima. Mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka, vichaka vikawarudisha wanyamapori, na wanyamapori wakaja na mbung'o.

Hapa ndipo penye uzito wa kitabu kizima. Wakoloni walipoikamata nchi waliikuta katika hali hiyo ya msiba, wakaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Pori lililozaliwa na janga likaitwa pori la asili. Watu waliofiwa na mifugo yao wakaitwa watu wasiojua kutunza ardhi.

Miaka sita kabla ya Kjekshus, John Ford alikuwa ameshafika karibu na hoja hiyo. Ford hakuwa mwanahistoria. Alikuwa mwanasayansi aliyetumia maisha yake kupambana na mbung'o, na katika kitabu chake cha mwaka 1971 alisema wazi kwamba wataalamu wa kikoloni hawakuzingatia jinsi Waafrika walivyokuwa wameishi na mdudu huyo bila kuangamia. Namheshimu sana kwa hilo, kwa sababu alikuwa akiipima kazi ya wenzake na yake mwenyewe.

Usukuma ilikuwa katikati ya kazi hiyo ya kupambana na mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Jina lake limebaki kwa mbung'o aitwaye Glossina swynnertoni, anayepatikana hadi leo katika ikolojia ya Serengeti. Lakini wakati wa kufyeka vichaka katika miaka ya 1920, mashoka yalishikwa na Wasukuma wenyewe, wakiitikia wito wa watemi wao.

Kitabu kilichopata wasomaji duniani kote, hata hivyo, kilikuwa kingine. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliitangaza Serengeti mwaka 1959 kwa kitabu na filamu iliyopata tuzo ya Oscar. Aliipenda Serengeti kwa dhati, na mwanawe alimzika jirani yake, Ngorongoro. Ila Serengeti yake ilikuwa nchi ya wanyama, isiyo na historia ya wafugaji. Ukweli wa nyumbu unaonyesha upungufu wa picha hiyo. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa takriban 260,000, na kufikia mwaka 1977 walizidi milioni moja. Sababu kubwa ni kwamba ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa, na sotoka ikatoweka porini. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani.

Kjekshus alipingwa, na kwa haki. John Iliffe mwaka 1979 na Juhani Koponen mwaka 1988 walionyesha kwamba karne ya 19 ilikuwa pia na njaa, vita na biashara ya watumwa iliyovuruga jamii nyingi, na kwamba hesabu zake za idadi ya watu zilikuwa na matumaini kupita kiasi. Nakubaliana nao kuhusu hesabu. Hoja ya msingi, kwamba watu waliitengeneza ardhi hii kwa maarifa, haijaanguka.

Ushahidi wa hoja hiyo uko katika Mkoa wa Simiyu wenyewe. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili mifugo ile wakati wa kiangazi, ni maarifa ya Wasukuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000. Serikali na wafadhili walichangia, lakini sheria zilizolinda maeneo hayo zilikuwa za vijiji, zikisimamiwa na dagashida, yaani mabaraza ya jadi ya Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijadi wa vijiji.

Vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na vimekaa zaidi kwenye maktaba za vyuo vikuu. Nawaomba wachapishaji wa Dar es Salaam na wahadhiri wetu wa historia waanze na kitabu cha Kjekshus: kitafsiriwe kwa Kiswahili, pamoja na majibu ya wapinzani wake, na nakala zifike shule za sekondari za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Na walimu wa huko wawatume wanafunzi kwa wazee wanaojua ngitili ya ukoo wao ilianza lini, waandike wanachosikia.